Konde, Teke na Kabali: Mwanafunzi wa Kikiboksi na Jujitsu na Lugha ya Mafunzo Yake

Makala haya yanashughulikia jambo ambalo huenda msomaji asilitarajie katika jarida la Kiswahili, nalo ni namna mwanafunzi wa sanaa za kujihami anavyojifunza mbinu za kikiboksi na jujitsu. Aghalabu michezo hii huchukuliwa kuwa ya misuli na jasho, isiyo na uhusiano wowote na kazi ya mwanaisimu. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kukaa kando ya jamvi la mazoezi na kusikiliza atakubali kwamba mwanafunzi wa sanaa hizi hujifunza kwa sikio kabla ya kujifunza kwa mkono. Kocha hunena na mwili hutii. Pale ambapo neno halikueleweka, au limeeleweka nusu, kiwiko cha mwenzake ndicho hulipa.

Katika miji yetu, mafunzo haya kwa kawaida huendeshwa kwa mchanganyiko wa Kiingereza, Kijapani, Kireno na Sheng, huku Kiswahili kikibakia lugha ya maamkizi na mzaha. Dai letu ni kwamba hali hii haikusababishwa na ufukara wa lugha. Kiswahili kina maneno mengi ya kupigana kwa kusimama, na kina zana bora zaidi za kueleza kupigana kwa kushikana. Ili dai hili lieleweke, hatuna budi kwanza kueleza mbinu zenyewe na jinsi zinavyofunzwa.

Asili ya sanaa hizi mbili

Jujitsu ni jina la Kijapani. Sehemu yake ya kwanza hubeba maana ya ulaini au kunyumbuka, na ya pili humaanisha sanaa au mbinu. Mnamo mwaka wa 1882, Jigoro Kano, aliyekuwa mwalimu kwa taaluma, alianzisha chuo chake cha Kodokan jijini Tokyo na kuziunda upya mbinu za jujitsu za kale kuwa judo. Mchango wake mkuu ulihusu ufundishaji. Aliziweka kando mbinu ambazo haziwezi kufanyiwa mazoezi bila kumjeruhi mwenzako, akasisitiza zile ambazo wanafunzi wawili wanaweza kujaribiana kwa nguvu zao zote na kesho yake warudi darasani wakiwa wazima. Mmoja wa wanafunzi wa Kodokan, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka wa 1914. Huko alimfunza Carlos Gracie, na ukoo wa Gracie ukaiendeleza sanaa hiyo kwa kutilia mkazo mapambano ya chini, mpaka ikawa jujitsu ya Kibrazili tunayoizungumzia hapa.

Kikiboksi ni changa zaidi. Ilichipuka nchini Japani katika miaka ya 1950 na 1960, pale wanakareti walipokutana na ndondi za Kithai, ambazo huruhusu konde, teke, goti na kiwiko. Jina lake lilibuniwa na Mjapani, Osamu Noguchi, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, moja la teke na jingine la ndondi. Mwanafunzi wa Kiswahili atalisoma tukio hili kwa makini: Mjapani hakuona haya kukopa, lakini alichokopa alikifinyanga kikawa chake.

Sanaa hizi mbili zilikutanishwa hadharani tarehe 12 Novemba 1993, jijini Denver, Marekani, katika shindano la kwanza la UFC. Kijana mwembamba, Royce Gracie, aliwashinda wapinzani watatu usiku ule, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwakaribia, kuwaangusha na kuwalazimisha kusalimu amri. Tangu hapo, mwanafunzi wa mateke hawezi kujifanya hajui kwamba pambano laweza kuishia sakafuni, na mwanafunzi wa sakafuni naye hawezi kusahau kwamba kila pambano huanza watu wakiwa wima.

Suala la umbali

Tofauti ya msingi baina ya sanaa hizi ni umbali. Mwanakikiboksi huutunza umbali kama mchuuzi atunzavyo mtaji wake. Husimama mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kisigino cha nyuma kikiwa kimeinuka kidogo, kidevu kimeinamishwa na mikono imekinga mashavu. Mbali mno hawezi kumfikia mpinzani, na karibu mno teke lake hukosa nafasi ya kujikunjua. Mwanajujitsu, kwa upande wake, huuona umbali kuwa hatari. Usalama wake u katika mambo mawili tu, kuwa mbali kabisa au kushikamana kabisa. Pale katikati, ambapo ngumi hutua kwa uzito wake wote, hapataki hata kidogo.

Mwanafunzi anayejifunza zote mbili kwa wakati mmoja hupata taabu papa hapa, na si taabu ndogo. Siku ya Jumatatu huambiwa asimame wima na mguu wa mbele uwe mwepesi, ili auinue upesi kukinga teke la paja. Siku ya Jumatano huambiwa ainame, ashushe nyonga na asimwachie mwenzake mguu wa kudakwa. Mwili hauna madaftari mawili. Kwa muda wa miezi kadhaa atakuwa anainama palipo na magoti yanayopanda, na kusimama wima palipo na mikono inayotafuta miguu yake. Walimu wazuri hulijua hili, na huutaja umbali kwanza kabla ya kuitaja mbinu.

Teke la mzunguko

Tuchukue mbinu moja ya kusimama tuichambue. Teke la mzunguko huonekana rahisi kwa mtazamaji, lakini ndilo humtesa sana mwanafunzi. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba mguu ndio upigao. Mguu huchukuliwa tu, na kinachopiga ni nyonga. Mpigaji wa teke la kulia hutangulia kwa kuusogeza mguu wa kushoto hatua ndogo kuelekea nje. Kisha hujizungusha juu ya sehemu ya mbele ya wayo huo, mpaka kisigino kielekee kule aliko anayepigwa. Wayo usipozunguka, nyonga hukwama, na mzunguko wote huishia kwenye goti la mguu uliosimama. Magoti mengi yameharibika kwa njia hii, bila kuguswa na mpinzani yeyote.

Nyonga ikishafunguka, mguu hufuata kama mjeledi. Sehemu inayotua ni muundi, yaani ugoko, na wala si wayo. Mifupa ya wayo ni midogo na mingi, nayo huvunjika upesi ikikutana na kiwiko au goti. Mkono wa kulia hushuka kwa nguvu ili kuusawazisha mwili, huku wa kushoto ukibaki shavuni. Wanaoanza huishusha mikono yote miwili, na kwa hiyo teke lao huwa ni mwaliko wa konde.

Kinga ya teke la paja ni kuuinua mguu wa mbele na kulipokea kwa muundi, goti likielekea nje kidogo. Maumivu yapo kwa wote wawili, ila aliyepiga ndiye huumia zaidi kwa kuwa ndiye aliyeleta mwendo. Mafunzo haya hupitia ngazi zinazojulikana: kupigana na kivuli, kupiga gunia, kupiga vibao vinavyoshikwa na mwenzako, na hatimaye kupimana nguvu taratibu mkiwa na glavu nzito na kinga ya meno. Makonde hatutayachambua kwa urefu. Wasomaji wengi wanayajua kutokana na ndondi, mchezo uliomletea Robert Wangila nishani ya dhahabu ya Olimpiki kule Seoul mwaka wa 1988.

Jamvini

Somo la kwanza la jujitsu ni kuanguka. Mwanafunzi hufunzwa kukunja kidevu kifuani, kuupinda mgongo kama tao na kulipiga jamvi kwa mkono ulionyooshwa, ili pigo lisambae badala ya kutua kisogoni. Somo la pili ni kujisogeza ukiwa chini kwa kutumia nyonga, mwili ukijikunja na kujikunjua mfano wa uduvi. Wajapani, kwa hakika, huiita mbinu hii kwa jina la mdudu huyo wa baharini. Ni zoezi la kuchosha lisilo na fahari yoyote, na wengi huliacha darasa katika juma la pili kwa sababu yake. Lakini asiyeweza kuisogeza nyonga yake akiwa amelaliwa hana jujitsu, hata kama amekariri mbinu mia.

Baada ya hayo huja mikao. Kwa kanuni za mashindano, thamani ya mikao hii huhesabiwa kwa alama: kumwangusha mpinzani ni alama 2, kumpindua kutoka chini ni 2, kuivuka miguu yake ni 3, kumkalia kifuani ni 4 na kuukamata mgongo wake ni 4. Msomaji aone kwamba alama hizi ni ramani ya hatari. Anayekaliwa kifuani hana pa kukimbilia, na aliyekamatwa mgongo hawezi hata kumwona adui yake.

Mkao ulio wa ajabu zaidi ni ule wa kulala chali na kumzingira mpinzani kwa miguu. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, na mtu angedhani kuwa mwanajujitsu ndiye aliyeichukua methali hii neno kwa neno. Ila yeye hangoji. Kutoka hapo chini anaweza kumpindua, kumkaba kwa miguu au kukikamata kiwiko chake.

Tueleze hili la kiwiko. Mwanafunzi amelala chali, na mwenzake amepiga magoti katikati ya miguu yake. Anaukamata mkono wa kulia wa mwenzake kwenye kifundo na juu ya kiwiko, na kuubana kifuani. Anaweka wayo mmoja kwenye nyonga ya mwenzake na kujigeuza mpaka miili yao ikatane kama herufi T. Mguu mmoja hupita chini ya kwapa na kuulemea mgongo, na mwingine huvuka juu ya kichwa. Magoti hubanwa pamoja. Kidole gumba cha mkono uliokamatwa huelekea juu. Sasa kiwiko kimelala juu ya kinena cha aliye chini, na kilichobaki ni kuinua nyonga polepole. Neno "polepole" hapa si pambo. Kiungo cha kiwiko hakikuumbwa kupinda upande wa pili, na pengo baina ya kubanwa na kuteguka ni dogo mno.

Mbinu ya pili inayostahili maelezo ni ile ya kukaba kutoka nyuma. Mkono huzunguka shingo hadi kunjo la kiwiko lilingane na kidevu, kiganja kikashika msuli wa mkono wa pili, na kiganja cha pili kikaenda kisogoni. Kinachobanwa ni mishipa mikubwa ya damu iliyo kando za shingo, wala si koromeo. Damu ikipungua kufika ubongoni, mtu huzimia katika muda wa sekunde kumi hivi, na mara nyingi pungufu ya hapo. Anayelibana koromeo humwumiza mwenzake bila faida na anaweza kumjeruhi vibaya. Tofauti baina ya mambo hayo mawili ni ya sentimita chache tu, nayo hufunzwa kwa maneno.

Maneno tuliyo nayo

Hapa ndipo mwanaisimu anapoitwa jamvini. Tukiyatazama maneno ya Kiswahili ya kupigana kwa kusimama, tunaona kwamba mengi ni nomino zinazobebwa na kitenzi kimoja: kupiga konde, kupiga teke, kupiga kofi, kupiga kumbo, kupiga mtama. Muundo huu una faida, kwa sababu kocha anaweza kuongeza kivumishi na kupata istilahi mpya bila shida: konde la mbele, konde la kupanda, teke la kusukuma, teke la mzunguko. Lakini una mitego yake pia. Kocha akimwamuru mwanafunzi "Piga goti!" akitaka goti lipande tumboni mwa mpinzani, mwanafunzi mwenye Kiswahili kizuri atapiga goti chini kama aliye kanisani. Itambidi kocha aseme "Piga kwa goti." Kihusishi kimoja kinaweza kuamua nani aanguke. Vivyo hivyo, anayeambiwa apige moyo konde hatarajiwi kujigonga kifuani.

Kupigana kwa kushikana kunataka sarufi nyingine, na Kiswahili kinayo. Jujitsu yote ni uhusiano wa miili miwili: nani yuko juu ya nani, nani anasababisha nini, nani anajiondoa wapi. Mambo hayo ndiyo yanayobebwa na mnyambuliko wa vitenzi vyetu. Kauli ya kutendea hutupa kulalia na kukalia, ambayo ni mikao miwili mikuu ya kumdhibiti mtu. Kauli ya kutendesha hutupa kuangusha. Kauli ya kutendua hutupa kunasua kutokana na kunasa, na kukunjua kutokana na kukunja. Ukiongeza kiambishi -ji- unapata kujinasua, ambalo ni somo zima la kujiokoa kwa neno moja. Kukaba, kukabwa na kukabana ni hali tatu tofauti za pambano moja, na hakuna haja ya kuunda sentensi ndefu ili kuzitofautisha. Kwa maoni yetu, mwalimu wa jujitsu anayefundisha kwa Kiingereza watu wazungumzao Kiswahili ameacha chombo kikali alani.

Fauka ya hayo, tuna maneno mahususi ambayo hayajapewa kazi. Kukwida ni kumshika mtu nguo ya shingoni kwa nguvu, jambo ambalo mwanajujitsu mwenye vazi la mazoezi hulifanya katika dakika ya kwanza ya kila pambano. Ngwala na mtama ni kufagia miguu ya mtu. Mweleka ni neno la zamani, na mieleka ni mchezo unaofahamika na kila mtoto wa kijijini.

Kuhusu kukaba, mambo ni magumu kidogo. Kuna kabali na roba, na mitaani Nairobi kuna ngeta. Maneno haya yana harufu ya uhalifu. Kupigwa ngeta ni kuporwa usiku, na hakuna mzazi atakayefurahi kusikia kwamba mwanawe anajifunza ngeta chuoni. Wapo watakaopendekeza neno safi kama "mbano wa shingo". Sisi tunapendelea kabali. Wabrazili huiita mbinu hiyohiyo kwa maneno yenye maana ya kuua simba, na hakuna simba aliyewahi kudhurika. Neno husafishwa na matumizi. Lakini ngeta tunaiachia barabara, kwa sababu hata mwanafunzi mwenyewe akilisikia hukumbuka hofu kabla ya kukumbuka mahali pa kiwiko.

Yapo pia majina ya kukopa ambayo hayafai kutafsiriwa. Mbinu moja ya kuuzungusha mkono wa mpinzani nyuma ya mgongo huitwa Kimura, kwa heshima ya Masahiko Kimura, Mjapani aliyemshinda Hélio Gracie kwa mbinu hiyo katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, mwaka wa 1951. Walioshindwa ndio waliolihifadhi jina la mshindi. Kulitupa jina hilo na kuweka "mzunguko wa bega" kungekuwa kuifuta historia ili kupata maelezo.

Wanaodai kwamba istilahi haziwezi kuingia mchezoni mpaka zipitishwe na kamati wazikumbuke enzi za redio. Mlinda lango, kona, kuotea na mkwaju wa penalti vilienea masikioni mwa Wakenya kwa ndimi za watangazaji, miongoni mwao marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka wa 2025. Watangazaji walihitaji neno mpira ukiwa bado uko hewani. Kocha wa jujitsu yuko katika hali iyo hiyo, ila yeye mpira wake una mifupa.

Kugonga na kulegeza

Kanuni iliyo juu ya mbinu zote jamvini ni ile ya kugonga. Anayeona kwamba amebanwa hugonga mara mbili au zaidi kwa kiganja, juu ya mwili wa mwenzake au juu ya jamvi, na mwenzake huachilia papo hapo. Mikono yote ikiwa imenaswa, hutumia sauti. Mwanafunzi mpya aambiwe hili kabla hajafunzwa chochote kingine, na aambiwe kwa lugha anayoiota. Ipo sababu ya kusisitiza. Katika baadhi ya mbinu za kuukamata mguu, hasa zile za kukizungusha kisigino, goti huweza kuharibika kabla maumivu hayajatoa onyo la kutosha, na ndiyo maana wanaoanza hukatazwa kuzitumia. Hapo mwanafunzi hana budi kuutegemea ujuzi wake wa hatari na neno la mwalimu, maana mwili wenyewe huchelewa kusema.

Neno la sauti liwe lipi? Wengi hutamka la Kiingereza, na wengine hupiga yowe tu. "Basi!" linafaa kwa anayebanwa, kwa kuwa ni fupi, huanza kwa midomo iliyofungwa na hutoka hata pumzi ikiwa chache. Kwa kocha aliye kando, "Legeza!" ni bora kuliko "Acha!", kwa sababu anayeacha ghafla huweza kumwangusha mwenzake kichwa, ilhali anayelegeza hupunguza nguvu huku akiendelea kumshikilia. Tofauti hii inaweza kujaribiwa katika darasa lolote kwa jioni moja.

Limesalia neno moja ambalo bado linatutatiza, nalo ni la ule mkao wa kulala chali na kumzingira mpinzani kwa miguu. Wabrazili huuita kwa neno lenye maana ya ulinzi. Gadi tayari ni askari wa mlangoni, na kinga imeshatumika kwa mikono ya mwanakikiboksi. Tunapendekeza ngome. Ngome huzingirwa, huvunjwa, huvukwa na hutetewa, na vitenzi vyote hivyo vina kazi jamvini. Pale mpinzani anapofaulu kuuvuka mguu mmoja huku wa pili ukiwa umemnasa, itakuwa nusu ngome, na aliye chini atajua kwamba bado ana mguu mmoja wa kupigania.